Ukisikia, Inua Mkono

Tulimwacha Nesi Anisia mlangoni mwa wodi, chupa ya dripu mkononi, akikitazama kitanda cha Mbuke. Kitandani alikuwa amelala mama mwingine. Mbuke hakuwapo.

Kwa msomaji anayetufikia leo, yatosha kujua haya. Anisia alikuwa muuguzi wa masikio katika hospitali moja ya misheni, upande wa Ushirombo. Kazi yake ilikuwa kusafisha masikio yanayotoa usaha, kupima usikivu wa watu, na kuwafundisha jamaa zao namna ya kusemezana nao. Mwaka ule wa 1978, kipindupindu kilichokuwa kimekwisha kuizunguka dunia kikabisha hodi na huku kwetu. Chumba cha masikio kikafungwa. Anisia akapelekwa kambini, katika madarasa ya shule yaliyogeuzwa wodi.

Mbuke alikuwa mgonjwa wake wa siku zote, mwanamke kijana aliyeharibika masikio tangu utotoni. Ukimsemesha kwa mbali husikia mvumo tu, maneno hayatambui. Kila alipompima, Anisia alisimama nyuma yake akagonga kile chuma chenye umbo la uma, ambacho kikigongwa huimba. Agizo lake lilikuwa moja: "Ukisikia sauti yoyote, hata kama hujui ni ya nini, inua mkono."

Mbuke alilishika agizo hilo kama sala.

Kisha ugonjwa ukamleta kambini. Asubuhi moja Akida, msaidizi wa wauguzi, alisimama katikati ya wodi na kipaza sauti cha bati. "Aliyepona, anayejiona ana nguvu za kurudi nyumbani, ainue mkono!"

Mbuke akasikia sauti. Akamwona nesi wake mlangoni. Akainua mkono juu kabisa, na akatabasamu kwa fahari ya mtu aliyefaulu mtihani.

Akida akamruhusu atoke.

Anisia aliuona mkono ule, na maana yake aliielewa. Lakini lori la wagonjwa wapya lilikuwa limeingia uani, na yeye alikuwa amechoka hata kope zilimwuma. Akajiambia, nitalirekebisha baadaye. Baadaye ilipofika, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Hapo ndipo tulipoishia.

*

"Dada Anisia, unanawa au unafua?"

Akida alikuwa amesimama kando ya pipa la maji ya dawa, kiuno kimeegemezwa ukutani. Alikuwa mtoto wa Shinyanga mjini, mwenye ulimi usiojua kupumzika.

Anisia alikuwa ameliinamia pipa. Aliendelea kusugua mikono.

"Ngozi ikiisha hiyo, huipati nyingine. Duka la kijiji hata sabuni halina, sembuse ngozi."

Anisia akachota maji mengine.

"Nesi!"

Anisia akashtuka. "Umesema nini?"

"Nimekwita mpaka kuku wa Padre wameitika. Wewe je?"

"Samahani. Kichwa kinavuma."

Na kweli kilikuwa kinavuma. Tangu asubuhi ile ya Mbuke, sauti za watu zilimfikia kama zinazotoka ndani ya mtungi. Yeye aliyewaeleza wagonjwa wengi chanzo cha mvumo wa sikioni, wa kwake hakuthubutu kuutafutia chanzo, kwa kuwa alikuwa akikijua.

"Wamefika wagonjwa wengine," Akida alisema, safari hii bila mzaha. "Wanatoka ng'ambo ya mbuga."

Anisia akaacha kunawa. Ng'ambo ya mbuga kilikuwa kijiji cha Mbuke.

"Nani kaupeleka ugonjwa huko?"

Akida akayakwepa macho yake. "Ugonjwa una miguu yake, dada. Huwa hauombi lifti."

Akachukua ndoo, akaondoka upesi kuliko ilivyokuwa desturi yake.

Anisia alibaki pale, maji yakimtiririka viwikoni. Basi Mbuke alikuwa amefika kwao. Alikuwa amechota maji kisimani kwa mikono ile ile, akawapikia watu, akawapa. Na wale waliokuwa wakishushwa sasa kutoka kwenye lori, kila mmoja alikuwa akimlipia Anisia gharama ya ukimya wake.

Mbona hakusema? Daktari alikuwa amewatangazia wote kwamba atakayemtoa mgonjwa ambaye hajapona atajibu mwenyewe mbele ya Mkuu wa Wilaya. Aliyemtoa Mbuke, kwa mdomo na kwa sahihi, alikuwa Akida, na mkewe Akida, Zuwena, alikuwa mjamzito. Anisia alijiambia kwamba ananyamaza ili kumwokoa Akida. Ni uongo mzuri huo, msomaji, kwa sababu umevaa nguo za huruma. Lakini nafsi yake ilimsuta, na nafsi haina haja ya kipaza sauti.

*

Baada ya zamu, Akida alimkuta nyuma ya madarasa.

"Kaa hapo," alisema, akitoa mfukoni kile chuma cha kupimia. Zamani alikuwa akimsaidia katika chumba cha masikio, na matumizi yake aliyajua. "Leo mgonjwa ni wewe."

"Acha utoto, Akida."

"Utoto ni wako. Jana Mama Mkuu wa wauguzi kakusalimu mara mbili, ukampita kama mti. Kageuka kaniuliza, 'Huyu ananidharau?' Nikamwambia, 'Hapana, anasali.' Kesho nitamwambia nini?"

Anisia akakaa.

"Sheria unaijua. Ukisikia, inua mkono."

Akakigonga chuma kwenye goti lake, akakisogeza karibu na sikio la kulia.

Anisia alikisikia. Alikisikia wazi kabisa, wimbo mwembamba usiotetereka. Lakini ndani ya wimbo ule aliliona tabasamu la Mbuke, na mkono wake ukawa mzito kama mtwangio wa kinu. Haukuinuka.

Akida akagonga tena kwa nguvu. Sikio la kushoto. Mkono haukuinuka.

"Hata hii, dada?" Akakisogeza karibu zaidi. "Hata hii huisikii?"

Kumwambia "nasikia" kungedai maelezo ya kwa nini hakuinua mkono. Maelezo yangedai jina la Mbuke. Anisia akatazama chini.

"Mungu wangu," Akida alisema polepole. "Nesi wa masikio amekuwa kiziwi."

*

Asubuhi yake Akida alimfikisha Anisia kwa Daktari Gelasius, kisha akarudi wodini. Daktari alikishika chuma kile, akakigonga, akakishikilia mbele ya paji la uso la Anisia. Alirudia mara kadhaa, akimtazama machoni. Kisha akakiweka mezani.

"Masikio yako ni mazima," alisema.

Anisia akakaza macho sakafuni.

"Kila nikigonga, kope zako zinacheza. Kwa hiyo unanisikia hata sasa. Sikulaumu. Si sikio linalokataa, ni mtu."

Nje mama mmoja alikuwa akilia kwa Kisukuma, akimwita marehemu wake. Daktari akangoja sauti ile ipite.

"Nesi, tangu balaa hili lianze nimemwuliza kila mgonjwa hali yake. Ninyi mnaowahudumia sijawauliza hata mara moja. Ninyi wa masikio ndio niliowakosea zaidi. Nimewatoa katika kazi ya utulivu, mgonjwa mmoja baada ya mmoja, nikawatupa katika kazi ambayo mtu anakufa kabla hujalijua jina lake. Huyu dereva wetu Salehe hunitania. Anasema, 'Daktari, wewe unalia kwenye stoo ya mablanketi, sisi wengine tulie wapi?'"

Akajaribu kucheka. Hakuweza.

"Lori linakwenda Kahama mchana huu. Panda. Nenda kwa mama yako Nyahanga, ukalale. Sikufukuzi. Nakurudisha nyumbani kabla hujavunjika."

Wema ule ulimchoma Anisia kuliko kemeo lolote. Mbuke aliinua mkono akatolewa akiwa mgonjwa. Yeye hakuinua, na anatolewa akiwa mzima, tena kwa heshima!

"Daktari," alisema, "kuna mgonjwa mmoja..."

"Wagonjwa tuachie sisi."

"Lakini huyu..."

"Nesi Anisia." Daktari akainua kiganja. "Nenda kapumzike."

Angeweza kusema kwa nguvu. Angeweza kukishika kile kiganja na kukishusha. Badala yake alishukuru, akatoka, na mlangoni akaona aibu ya namna alivyofurahi kukatizwa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutuambia mficha maradhi ya mwenzake humuumbua nini.

*

Kabla ya kupanda lori, Anisia alikwenda kuungama.

Siku hizo watu hawakuruhusiwa kukusanyika kanisani. Padre Apolinari alikuwa ameweka kiti chini ya upenu wa ukuta wa nje, stola ya zambarau shingoni, na waungamaji wakasimama nyuma ya kamba iliyofungwa mbali kidogo. Kifuani mwa Padre kilining'inia kijisanduku cha mashine ya kusikia, waya wake ukipanda hadi sikioni. Anisia mwenyewe ndiye aliyekuwa akimbadilishia betri. Tangu mabasi yazuiwe barabarani, betri hazikuja tena, lakini Padre aliendelea kukivaa, kama mjane anavyoendelea kuvaa pete.

Anisia akapiga magoti ubavuni pake, akainamisha kichwa.

"Nibariki, Padre, kwa kuwa nimekosa."

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Betri zimekufa, mimi bado."

"Nilimwacha mgonjwa atoke."

"Ulimwacha mganga akutoke?"

Nyuma ya kamba mtu akaguna.

"Mgonjwa, Padre!"

"Ah, ugonjwa. Huo tunao sote. Sasa dhambi ni ipi?"

"Nilinyamaza!"

"Ulinyang'anya?" Padre akashangaa waziwazi. "Ulimnyang'anya nani, binti?"

Kicheko kikapasuka kwenye foleni. Habari kwamba nesi wa masikio amekuwa kiziwi zilikuwa zimekwisha kuenea, na mama mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Kiziwi anaungama kwa kiziwi. Leo Mungu atatafuta mkalimani."

"Nyamaza wewe, Melania," mwenzake alimkemea, akicheka vile vile. "Na zamu yako inakuja."

Anisia akafumba macho. Angeweza kuzitaja dhambi ndogo ndogo, hasira na uvivu wa sala, akapata maondoleo, akaenda zake. Padre asingejua. Lori lilikuwa linangoja.

Lakini je, ni nani aliyewafundisha watu wa sehemu zile namna ya kusema na asiyesikia? Usimsemee ubavuni. Mkabili. Mwanga uangukie mdomo wako. Usikimbize maneno.

Akainuka, akaja kupiga magoti mbele ya Padre, uso kwa uso, jambo ambalo hakuna muungamaji anayelifanya. Akaligusa goti lake ili atazame.

"Padre," alisema, neno moja moja, kwa sauti kamili. "Mbuke hakuwa amepona. Aliinua mkono kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kuinua. Niliona. Nilijua. Nikanyamaza. Sasa watu wa kijiji chake wanakufa."

Padre aliifuata midomo yake mpaka mwisho. Vicheko vilikuwa vimekoma.

"Nimesikia," Padre alisema.

Anisia akalia. Padre akamwacha alie kidogo, kisha akainama.

"Maondoleo nitakupa. Lakini huyo mwanamke hahitaji maondoleo yako. Anahitaji kutafutwa. Usipande lori kabla hujamwambia mtu mwenye uwezo wa kumtafuta."

Akainua mkono kumbariki. Na hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma ya kamba.

"Nesi. Mwangaluka."

Salamu hiyo ya asubuhi ya Kisukuma ilitoka kwa mama wa makamo, kanga mabegani, kibuyu kitupu mkononi. Aliivuka kamba bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Mwangaluka, mayu," Anisia aliitikia, akimwita mama kwa Kisukuma huku akijifuta uso. "Shikamoo."

"Marahaba. Nisamehe, sikuja kusikiliza ya watu. Lakini umesema jina. Umesema Mbuke yupi?"

Anisia akainuka. "Mbuke wa Athanas."

"Athanas ni mwanangu. Yuko machimboni Geita, hata hajui kwamba mkewe anaumwa. Mimi ndiye Mama Athanas."

Anisia akapiga magoti tena, safari hii mbele ya yule mama. "Nisamehe, mama. Nilimwacha aje kwako na ugonjwa. Walioletwa jana..."

"Walioletwa jana walikunywa maji ya msibani, kila mtu anajua," Mama Athanas alimkatiza. "Kwangu Mbuke hajafika."

"Hajafika?"

"Atafikaje na yumo kambini mwenu? Kila asubuhi ninamletea uji wa mtama mpaka kwenye kamba ya kambi. Ninaambiwa, 'Mama, anakusalimu, wa jana aliumaliza wote.' Kibuyu changu narudishiwa kitupu, kimesuuzwa. Hata leo nimetoka huko." Akakiinua. "Sasa wewe unasema mlimtoa. Basi uji wangu anaunywa nani?"

Anisia akakitazama kibuyu. "Anayeupokea ni nani, mama?"

Mama Athanas hakutaja jina. Alielekeza kwa kidevu.

Akida alikuwa anakuja kwenye njia ya kanisani, sanduku la Anisia kichwani, akimletea msafiri mzigo wake. Alipowaona wawili hao wako pamoja, akapunguza mwendo. Alipokiona kibuyu, akasimama. Akalishusha sanduku chini taratibu, kama mtu anayeweka mayai.

"Akida," Anisia alisema. "Mbuke yuko wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Akida hakuwa na mzaha wa kujibia.

"Kumbe unasikia," alisema.

"Mbuke yuko wapi?"

"Nilimkuta siku ile ile, dada. Ameanguka kabla ya kizuizi cha mgambo. Nikajua nimemtoa mgonjwa. Nikimrudisha kambini wataniuliza nani alimtoa. Nilimfikiria Zuwena, nikamfikiria Mkuu wa Wilaya." Akajifuta jasho. "Nikambeba mpaka lile ghala la ushirika lililobaki tupu tangu vyama vivunjwe. Nikamtundikia dripu kwenye msumari wa boriti. Nilisema akipona atatoka mwenyewe, asijue mtu."

"Na mimi?" Anisia alinong'ona. "Mbona hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia nini? Wewe ndiye nesi wake. Nilidhani hukuona. Nilidhani ukijua utanichukia." Akamtazama. "Kumbe uliona."

"Niliona."

Wakatazamana watu wawili waliokuwa wamebeba mzigo mmoja, kila mmoja akidhani anaubeba peke yake. Laiti mmoja wao angefungua mdomo, Mbuke angekuwa amelala kitandani, na daktari kando yake.

"Mwanangu," Mama Athanas alimwambia Akida, na neno lile la upole likamfanya ajikunje. "Nijibu mimi. Uji wangu anaunywa?"

"Alikuwa anaunywa, mama. Naapa kwa Mungu, hilo sikukudanganya. Alikuwa anaumaliza, anatabasamu, ananirudishia bakuli."

"Alikuwa?"

Akida akaitazama mikono yake.

"Leo hajafungua mdomo. Na chupa za dripu nilizoweza kuchukua zimekwisha."

Mama Athanas alikiweka kibuyu chini. Kisha akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, bila hasira.

"Daktari anajua?"

Akida akatikisa kichwa.

"Basi nani kati yenu anakwenda kumwita?"

Barabarani Salehe alipiga honi ya lori, mara moja, kisha tena kwa kirefu. Akida alikuwa anamtazama Anisia. Anisia alikuwa anamtazama Akida. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aanze, kama walivyokuwa wamengojana siku zote zile bila kujua.

Mama Athanas hakuwangoja. Alikuwa amekwisha kugeuka, kanga imeanguka begani, akielekea kambini mbio kwa miguu iliyozoea vilima na mbuga, akimwita daktari kwa sauti ambayo hata Padre Apolinari, kitini pake chini ya upenu, aliinua uso na kuuliza nani anamwita.